UZI: Picha za vitabu vya wafalme wa Mughal, na Mhabeshi aliyekatwa kichwa kwenye karatasi tu

FundiRangi

Wakuu, salaam. Mimi ni mchora mabango, niko Morogoro, huu ni mwaka wa 22 kwenye kazi hii. Maduka, saluni, migahawa, na mabasi enzi zile kabla stika hazijatunyang'anya tonge. Kuna jambo limenikaa kichwani miezi mitatu sasa. Ni refu, mnivumilie.

Mwezi wa tatu nilipata kazi ya ukuta. Mteja ana mgahawa wa biriani, akanionyesha picha kwenye simu yake: tembo wawili wanakimbizana juu ya daraja, watu wanatumbukia majini. Akasema, fundi, nataka hii, ukuta mzima. Ile picha ilikuwa na ukungu, sura za watu hazisomeki. Nikamwambia kijana wangu tuitafute ya asili. Tukaikuta kwenye tovuti ya makumbusho ya Victoria and Albert, London, imepigwa vizuri kiasi kwamba ukiikuza unahesabu mashua moja moja. Usiku ule sikulala.

Kumbe ni kurasa mbili zinazotazamana za kitabu kiitwacho Akbarnama, historia ya Akbar, mfalme wa India wa ukoo wa Mughal, aliyetawala kuanzia 1556 hadi 1605. Aliyeiandika ni Abu'l Fazl, mtu wake wa karibu. Tukio ni la 1561, mjini Agra. Akbar hajafika miaka 20. Kampanda Hawai, tembo mkali anayeogopwa na watunzaji wake wenyewe, kampambanisha na tembo mwingine, Ran Bagha. Ran Bagha kashindwa, kakimbilia daraja la mashua kwenye mto Yamuna, na Hawai yuko nyuma yake na mfalme shingoni. Mashua zinazama kwa uzito. Watu wanaogelea, wengine wanajitupa. Upande wa pili, langoni kwa ngome, mzee mmoja kainua mikono anaomba dua. Huyo ni Ataga Khan, waziri, anamwona bwana wake anakwenda kufa mbele ya macho yake.

Ukurasa mmoja unakaribia ukubwa wa karatasi ya A4, na mambo yote hayo yamo.

Kilichonifanya niweke simu chini kiko pembeni, chini ya picha. Karani wa ikulu ameandika kwa wino mwekundu majina ya waliofanya kazi: tarh ni ya Basawan, amal ni ya Chetar. Tarh ni mpangilio, yule anayeamua tembo akae wapi, mto upite wapi. Amal ni kazi yenyewe ya kupaka rangi, na hilo neno tunalo, amali. Kwenye kurasa nyingine kuna na jina la tatu, la aliyechora nyuso.

Wakuu, hivyo ndivyo tunavyofanya kazi kwangu. Mimi napiga mistari kwa chaki, vijana wanajaza rangi, herufi ngumu narudi mwenyewe. Miaka 22, na chini ya bango linaandikwa jina langu na namba ya simu. Jina la kijana halijawahi kuandikwa hata mara moja.

Ndipo nikaanza kusoma kila nilichokipata. Wale jamaa sehemu yao ya kazi waliiita karkhana. Lisemeni kwa sauti. Ni karakana yetu hii hii, neno la Kiajemi lililokuja pwani na majahazi. Na chumba cha picha kilikuwa tasvirkhana, ndani yake mnaiona taswira. Rangi, kalamu, daftari, maneno ya meza ile yote tunayatumia kila siku.

Nitaendelea jioni. Nina kazi ya kumalizia.

---

Zuhura wa Mji Mpya

Fundi endelea, niko hapa. Swali: hao wachoraji walitoka wapi? Kwa sababu hizi picha zinafanana na za Iran, ila watu wamejaa kama stendi.

---

MwanaLamu

Kaka, mada nzuri, ila niulize bila nia mbaya. Hawa walikuwa Waislamu. Kuchora viumbe wenye roho, tena kwa gharama za dola, masheikh wao walikaa kimya?

---

FundiRangi

Dada Zuhura, umeona sawasawa. Baba yake Akbar, Humayun, alinyang'anywa ufalme akakimbilia Iran kwa Shah Tahmasp. Huko akaona picha zinavyochorwa. Mwaka 1549 akiwa Kabul wakamfuata mabingwa wawili, Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad. Humayun akarudi Delhi 1555, mwaka uliofuata akaanguka kwenye ngazi za maktaba yake akafa. Kwa hiyo wale Waajemi wawili wakabaki na kijana wa miaka 13 aliyerithi ufalme, na kijana akawapa kazi ambayo hakuna mtu aliwahi kupewa: Hamzanama, visa vya Amir Hamza, picha kama 1,400, kila moja kubwa kuliko mlango wa kabati la jikoni, juu ya kitambaa cha pamba. Iliwachukua miaka kama 15.

Waajemi wachache hawawezi kazi hiyo. Ikabidi waajiriwe wachoraji wa India kwa makumi, wengi wao Wahindu, na hao walikuja na mkono wao: miili yenye uzito, miti minene, watu wanaosukumana. Hiyo ndiyo stendi uliyoiona. Akbar alisomewa vitabu, alipenda hadithi yenye mwendo, na karakana ikajifunza kuchora mwendo.

Mmoja wao naomba nimtaje peke yake. Daswanth. Mtoto wa mbeba machela. Alikuwa anachora kutani, popote penye ukuta. Akbar akaona, akamkabidhi kwa Abd al-Samad, na katika muda mfupi akawa anatajwa juu kabisa pamoja na mabingwa. Kisha akili ikamuugua, na 1584 akajiua. Nimechora kuta tangu nina miaka 17. Sijui niseme nini zaidi juu ya Daswanth, ila kila nikipanda ngazi namkumbuka.

Kaka MwanaLamu, hawakukaa kimya wote. Kwenye zile picha za Hamza zilizobaki, na zimebaki chini ya 200, kuna ambazo nyuso zimekwanguliwa na watu wa baadaye. Akbar mwenyewe alikuwa na jibu, Abu'l Fazl amelihifadhi. Alisema, kwa maana yake, kwamba mchoraji ana njia yake ya kumtambua Mungu, kwa sababu anachora kiungo baada ya kiungo na mwisho anaona hawezi kukitia roho, ndipo anapolazimika kumfikiria Yeye mwenye kutoa uhai. Kukubali au kutokubali ni juu ya mtu. Mimi nimeshachora kuku wengi kwenye mabango ya chipsi, na ninaelewa alichokuwa anasema.

---

MwanaLamu

Nimekuelewa. Mzee wetu mmoja angekujibu kwa hoja zake, lakini hilo la roho nimelipenda. Endelea.

---

FundiRangi

Sasa naingia kwenye lililonifanya nifungue uzi.

Akbar akafa 1605, akarithi mwanawe Salim, aliyejiita Jahangir. Huyu hakutaka karakana ya watu 100. Alitaka wachache walio bora kabisa, na picha moja ikawa ya mkono mmoja. Kwenye kumbukumbu zake alizoziandika mwenyewe anajisifu kwamba ukimwonyesha picha bila jina anamtaja mchoraji, na hata uso mmoja ukichorwa na mtu mmoja, jicho na nyusi vikachorwa na mwingine, anajua nani kafanya kipi.

Mchoraji wake mpendwa alikuwa Abu'l Hasan. Akiwa na miaka 13 alinakili mchoro wa Mtakatifu Yohana wa Dürer, yule Mjerumani, na ukiziweka pamoja unashika mdomo. Mwaka 1618 Jahangir akampa lakabu ya Nadir al-Zaman, yaani adimu wa zama zake.

Mnamo 1616 hivi, Abu'l Hasan akachora picha iliyoko Dublin leo, kwenye maktaba ya Chester Beatty. Jahangir kasimama juu ya dunia, duara zima. Dunia iko juu ya mgongo wa ng'ombe dume, ng'ombe juu ya samaki. Kavuta upinde. Mbele yake kuna mkuki, na juu ya mkuki kuna kichwa cha mtu mweusi, na mfalme anakipiga mshale mdomoni. Bundi katua juu ya kichwa. Malaika wadogo wa mtindo wa Ulaya wanashuka na silaha. Kote kumeandikwa Kiajemi kwa herufi ndogo kama punje za ufuta, kumsifu mfalme.

Kile kichwa ni cha Malik Ambar.

Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi mnamo 1548. Akauzwa mtumwa, akapita Uarabuni na Baghdad, akafikishwa India kusini, nyanda za Deccan, kwenye ufalme wa Ahmadnagar. Aliyemnunua huko, Chingiz Khan, alikuwa waziri, naye ni Mhabeshi vilevile. Ambar akapata uhuru, akakusanya askari, na kuanzia 1600 ndiye aliyekuwa akitawala Ahmadnagar nyuma ya mfalme kijana. Aliwapiga Mughal kwa vita vya kuvizia: wapanda farasi wepesi, usiku, kwenye njia za mizigo, kisha wanapotelea milimani. Akajenga mji wake, Khirki, ambao baadaye uliitwa Aurangabad.

Mwaka ule wa 1616 Mughal walimshinda vitani wakauharibu mji wake. Lakini yeye hawakumpata. Akainuka tena. Mwaka 1624, pale Bhatvadi, akayapiga majeshi ya Mughal na ya ufalme jirani wa Bijapur yaliyoungana. Akafa 1626 kifo cha kawaida, mzee wa karibu miaka 80, kichwa chake kikiwa mabegani, akazikwa Khuldabad. Jahangir na Ambar hawakuwahi kukutana uso kwa uso.

Kwa hiyo hiyo picha ni nini? Ni mfalme wa dola mojawapo tajiri kabisa za zama zake, aliyeshindwa kumkata kichwa Mhabeshi mmoja, akamwagiza bingwa wake amkatie kwenye karatasi.

---

Nyundo

Mkuu, hongera kwa kazi. Ila mimi ni mwalimu wa historia na hapa lazima nibishe. Umetuthibitishia kwamba hizi picha ni propaganda. Mfalme analipa, mchoraji anachora anachotakiwa. Kitabu kinaandikwa na mtu anayekula kwa mfalme. Sasa tutaziaminije kama ushahidi wa historia? Hata huo mkasa wa tembo, labda Akbar alikuwa amekaa kivulini anakula maembe.

---

FundiRangi

Mwalimu, hoja yako ina uzito, nilikaa nayo siku mbili kabla ya kujibu. Jibu langu ni punda milia.

Machi 1621, sikukuu ya Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi, Jahangir aliletewa mnyama kutoka Uhabeshi. Waturuki ndio waliomtoa huko, na Mir Ja'far akamfikisha ikulu. Ni punda mwenye milia nyeusi na nyeupe kuanzia puani hadi mkiani, hadi kwato. Wakubwa wa ikulu wakasema amepakwa rangi. Wakamchunguza kwa makini, wakakuta ndivyo alivyoumbwa. Jahangir akaandika kwamba ni kana kwamba mchoraji wa majaaliwa ndiye aliyepitisha brashi.

Akamwita Mansur, bingwa wake wa wanyama na maua, achore. Iko V&A, yaani Victoria and Albert ile ile. Nimeikuza hadi mwisho. Mnyama kasimama peke yake, nyuma hakuna kitu, kafungwa lijamu. Mansur hakumfanya farasi mwenye mistari, na hilo ndilo kosa ambalo kila mwanafunzi wangu hulifanya nikimpa achore punda milia. Masikio ni ya punda. Manyoya ya shingo yamesimama wima na milia inapanda hadi ndani yake. Na milia ya paja ni mipana kuliko ya mguu, inapinda na mwili. Mtu huyu huenda hakuwahi kumwona punda milia mwingine maishani. Sisi tuko saa moja kutoka Mikumi na bado tunakosea.

Pembeni Jahangir mwenyewe kaandika kwa mkono wake mnyama katoka wapi, nani kamleta, nani kamchora.

Sasa mwalimu, mfalme ni yule yule. Miaka mitano tu baina ya picha na picha. Mmoja wa Afrika kachorwa jinsi alivyotamaniwa awe, mwingine kachorwa jinsi alivyo. Na kuna ya 1618, ya Inayat Khan, ofisa wake aliyekuwa anakufa kwa afyuni na pombe. Jahangir alishtuka jinsi alivyokonda, akaamuru wachoraji wamchore vile vile. Mbavu zote zinahesabika, macho yameshazama. Huwezi kuiita hiyo propaganda.

Mimi nasema tusiulize kama picha inasema kweli au uongo kwa jumla. Tuulize mfalme alikuwa anataka nini kwa kile kitu. Punda milia hakuwa na deni naye. Ambar alikuwa nalo.

---

Nyundo

Hapo kwenye deni nimekubali. Nitalipeleka darasani. Bado nasema kwenye vita na ushindi tuwe na tahadhari mara mbili.

---

Rehema_UK

Samahani nimechelewa, huku ni usiku wa zamu. Fundi, kuna picha nyingine ya Malik Ambar ambayo hukuitaja, nayo iko V&A. Kaichora Hashim, mchoraji aliyetoka Deccan akaingia kazini kwa Mughal. Ni ya miaka ya 1620. Ambar kasimama peke yake, ubavu, kavaa nguo nyeupe, mwili wa mtu mzima mnene kidogo, shingo nene, mkono umetulia. Hakuna mkuki wala bundi. Mimi ni muuguzi, siku nzima natazama nyuso za wazee. Huo ni uso wa mtu ambaye mchoraji alimheshimu.

---

FundiRangi

Dada Rehema, nakushukuru kutoka moyoni. Nimeitafuta sasa hivi, nimeiona. Ile rangi yake ya ngozi, Hashim hakupaka weusi mmoja kama wino. Kapaka kahawia juu ya kahawia, shavu linapata mwanga.

Na inakwenda sambamba na jambo nililolisoma: Ambar alipofariki, Mu'tamad Khan, mwandishi wa historia wa Jahangir huyo huyo, aliandika kwamba katika vita, uongozi, busara na utawala hakuwa na wa kulinganishwa naye. Jahangir kwenye kumbukumbu zake alimtukana kwa rangi yake mara kwa mara. Mwandishi wake akamsifu adui alipokwisha kuingia kaburini.

---

Brashi Namba Mbili

Mimi ni wa Tinga Tinga, Oysterbay. Mzee, tupe ufundi. Mistari ile myembamba wanaipataje? Rangi gani?

---

FundiRangi

Kijana, hapa ndipo penyewe. Brashi ni manyoya ya mkia wa kindi yaliyopitishwa kwenye bomba la unyoya wa ndege. Ya mistari ya mwisho inaishia na nywele chache tu. Nao brashi waliiita kalamu.

Karatasi inalainishwa kwa kusuguliwa na jiwe la akiki hadi inateleza. Mchoro wa kwanza, kisha tabaka jembamba la nyeupe ambalo mistari inaonekana chini yake, unasugua tena, unachora upya ukisahihisha. Rangi inakwenda tabaka baada ya tabaka, na kila mara karatasi inalazwa kifudifudi inasuguliwa kwa nyuma. Ndiyo maana zinang'aa kama kauri, mimi nilidhani ni vanishi. Buluu ni jiwe la Badakhshan, Afghanistan, linasagwa. Nyekundu ni zingefuri, madini ya zebaki. Kijani ni jiwe la shaba, na ile kijani nyingine ya kutu ya shaba ni hatari, inakula karatasi miaka ikienda. Kuna njano iliyotoka kwenye mkojo wa ng'ombe waliolishwa majani ya mwembe. Vyote vinashikwa na gundi ya mgunga. Dhahabu inasagwa, inapakwa mwisho, halafu kwenye vito vya mfalme wanaitoboa vijitundu kwa sindano ili ikamate mwanga ukiugeuza ukurasa.

Nilijaribu kusugua kwa nyuma, na jiwe la kawaida la mtoni, kwenye karatasi nzito na rangi ya maji. Karatasi mbili zilichanika. Ya tatu ikatoka na ule mng'ao, kidogo, kwenye kona tu. Nikamwita mke wangu aje aone.

---

Zuhura wa Mji Mpya

Wanawake hawakuwemo?

---

FundiRangi

Walikuwemo, wachache wanaojulikana kwa jina. Nadira Banu alikuwa mwanafunzi wa Aqa Riza, baba yake Abu'l Hasan, na alinakili picha za chapa zilizotoka Ulaya akaweka sahihi yake. Sahifa Banu naye wa enzi hizo hizo za Jahangir.

---

MwanaLamu

Mbona kila kitu kiko London, Dublin, sijui wapi? Hili linaniuma.

---

FundiRangi

Linaniuma pia. Akbarnama ya V&A, picha 116, walinunua 1896 kwa mjane wa ofisa Mwingereza aliyekuwa kamishna Awadh, kaskazini mwa India, miaka iliyofuata maasi ya Wahindi dhidi ya Waingereza ya 1857. Padshahnama, kitabu cha Shah Jahan, mwana wa Jahangir, chenye picha 44, kiko Windsor, kasri la wafalme wa Uingereza. Hicho Nawab, yaani mtawala, wa Awadh alimtumia mfalme wa Uingereza, kikafika 1799. Nadir Shah, mfalme wa Iran, naye alishaipora Delhi 1739. Na baadhi ya zile picha za Hamza zilikutwa Srinagar mwaka 1881 zimezibia madirisha. Kitambaa kile kilichopakwa miaka 15, kinazuia baridi ya Kashmir.

---

Rehema_UK

Na ukuta wa biriani uliishaje?

---

FundiRangi

Uliisha wiki iliyopita. Tembo wote wawili wapo, daraja lipo, mashua tumeziweka 11. Mzee Ataga Khan nimemweka karibu na mlango wa jikoni, mikono juu. Nyuso nilimwachia kijana wangu wa pili, ana mkono wa nyuso kuliko mimi, nilikuwa sijawahi kumwambia.

Chini kulia, kwa rangi nyekundu, nimeandika majina matatu: aliyepanga, aliyepaka, aliyechora nyuso. Mteja akauliza hayo majina ya nini, nafasi ile angetaka namba ya oda. Nikamwomba aiweke upande wa pili. Akakubali.